Damu Nyepesi

Damu ni nzito kuliko maji, wanasema.
Yangu niliagizwa iwe nyepesi:
kila usiku saa mbili kidonge cha waridi
na nusu ya kile cha kahawia,
maana moyoni nina mlango wa chuma
niliotiwa Dar es Salaam nikiwa na miaka kumi na tisa,
na damu ikiganda mlangoni
Somoe hayupo.

Mlango wenyewe unalia.
Shaweji, usiku wa kwanza wa ndoa,
aliuliza saa ya ukutani iko wapi.
Hatujawahi kuwa na saa ya ukutani.

Nilijua wiki ya tisa.
Nilidhani ni uchovu wa kuokota korosho.
Daktari wa Newala akavua miwani, akaifuta, akaivaa:
"Dawa hii inavuka. Inamfikia mtoto
wakati pua inachongwa,
wakati mifupa bado ni ute."
Akaandika sindano za tumboni, asubuhi na jioni.
Sindano zilikuwa Masasi.
Bei yake gunia na nusu,
na magunia yetu yalikuwa ghalani,
yamekwisha kupigwa mnada, malipo "wiki ijayo".

Nifanyeje, nyie mnaojua kupima?
Niache kidonge, mlango ugande,
mtoto afie ndani ya maiti?
Nilimeza. Nasema waziwazi, nilimeza
siku kumi na moja, kwa maji ya mvua ya tangi,
mkono mmoja tumboni
kama mtu anayemziba mwanawe sikio
asisikie tusi.

Siku ya kumi na mbili pesa ikaingia.

Mfaume akazaliwa pua bapa,
pumzi ikipiga mluzi akinyonya.
Wifi akasema nililalia tumbo.
Jirani akasema mayai, nilikula mayai.
Bibi yake Shaweji akamgeuza kwenye mwanga wa mlango:
"Huyu ni Nannunda mtupu, babu yake."
Nikalishika neno hilo
kama mtu aliyepewa nauli.

Wenzie wakikimbia, yeye alitambaa.
Wenzie wakitukana, yeye kimya,
miaka mitatu na miezi minne.
Huko kiliniki walimpa vibao apange mnara.
Alivipanga chini, kimoja baada ya kimoja,
mpaka mlangoni, mpaka nje.
Dada wa vibao akaandika kitu.

"Ni dawa?" nikauliza.
"Pua, huenda. Maneno, hatujui.
Wapo waliomeza, na watoto wao ni moto wa hesabu.
Wapo ambao hata panadoli hawakugusa."
Nilitaka ndiyo. Au hapana.
Nilipewa tarehe ya kurudi.

Neno lake la kwanza halikuwa mama.
Alikuwa amelaza sikio kifuani kwangu,
nje mvua imekatika ghafla,
akainua kichwa, akanitazama kama mwenye kesi,
akasema: *Tik.*
Nikacheka mpaka nikalia, Shaweji akatoka mbio
akidhani mlango umeharibika.

Sasa ana minane, darasa la kwanza mara ya pili.
Mwalimu Chitanda ananiambia kwa upole,
upole ule unaouma,
kwamba mtoto ni mzuri, ila.
Kalamu inamtoka. Hadithi anaanzia katikati.
Anamjua kila mbuzi wa Kitangari na mwenye naye.

Mwezi huu tunapuliza salfa,
nyusi zetu zote za manjano.
Jioni nimechoka, nasahau.
Yeye hasahau. Saa hajui kuisoma,
lakini anakuja na kikombe,
nusu kimemwagika njiani,
anasimama mpaka nimeze,
anataka nifungue mdomo aone.
Kisha analaza sikio na kuhesabu mlango:
kumi na saba,
kumi na nane,
kumi na tisa,
kumi na moja,
kumi na mbili